Mpwa Wangu wa Fremuni

Fremu yangu ya duka ni ya nne ukitokea upande wa soko la nafaka, kwenye safu yenye bati moja refu na kibaraza kimoja. Natengeneza redio. Siku hizi nikimwambia mtu hivyo ananitazama kana kwamba nimemwambia nachonga mikuki. Redio yenyewe imehamia ndani ya simu, na simu ikiharibika inapelekwa kwa vijana wa stendi. Kwangu zinakuja redio za wazee wa vijijini, zile za betri kubwa, zilizoangushwa na mjukuu au zilizoingiwa na mende. Wengine wakishazileta hawarudi. Zimejaa rafu nzima nyuma ya mgongo wangu, na nimezoea kuziita wapangaji wangu wa kwanza, maana zimekaa miaka kwenye fremu ya watu bila kulipa na bila kusema neno.

Utani huo nilikuwa nao tangu mke wangu akiwa hai. Yeye alikuwa muuguzi. Ndiye aliyehamishiwa Sumbawanga kutoka Mbeya, mimi nikamfuata na bisibisi zangu, na watu wa kwetu Tukuyu walinicheka sana, mwanamume mzima kufuata uhamisho wa mke. Wacha wacheke. Tulijenga nyumba ndogo Milanzi, tukalea watoto wawili, mmoja sasa yuko Dodoma na mwingine Mwanza. Halafu mke wangu akaugua, tukampeleka Mbeya, akafia huko, tukamzika Tukuyu kwenye shamba la baba yangu.

Niliporudi Sumbawanga msiba ulikuwa umeshapita. Majirani zangu wa fremu walikuwa wamefunga milango asubuhi moja kwa heshima yake, kama desturi yetu ilivyo, lakini mimi sikuwepo. Nilipokuja walinipa pole barabarani, mtu ameshika mfuko wake wa nyanya, akanipa mkono, akasikitika kweli, akaenda zake. Hawakuwa na kosa. Ila hakuna aliyewahi kukaa kwenye mkeka nyumbani kwangu kwa ajili ya mke wangu. Nikawa nafika nyumbani jioni napiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, kwa mazoea tu, halafu naingia.

Watoto walinisihi nirudi Tukuyu kwa ndugu. Sikwenda, na sababu ilikuwa fremu ile. Pale kibarazani kila anayepita husema "habari za asubuhi, fundi," hata kama hana redio. Nikiondolewa pale, nilijua kabisa, ningekaa kutoka Jumapili hadi Jumapili bila mtu kunisalimia.

Kazi ilipopungua, nusu ya chumba ilibaki imekaliwa na televisheni za chogo ambazo hata mwizi asingezitaka. Majirani wakaanza kunishauri nimwingize mtu. Jambo la kumwingiza mtu kwenye fremu uliyopanga lilikuwa na wataalamu wengi kwenye safu yetu, na utaalamu wao ulitolewa asubuhi wakati wa chai, tukiwa tumejikunyata kibarazani na makoti yetu. Upepo wa Ufipa mwezi wa Juni haumruhusu mtu kukaa na shati tupu.

Muuza mabati wa fremu ya kwanza alisema mkataba ni mkataba. Kama sharti hukulipenda, ungelikataa siku ile ile ya kuweka saini, si kuja kulipigia kelele baadaye. Aliyasema hayo huku mtu mwingine akiuza misumari na bawaba kwenye mlango wake, mtu aliyemwita shemeji. Mama wa vyombo, mtu wa Mbeya kama mimi, alimjibu kuwa kuta ni za mwenye nyumba lakini fremu si kuta. Fremu ni wateja, na wateja amewaleta yeye kwa mdomo wake na miguu yake. Siku akitaka kuondoka atamwachia amtakaye, na huyo atampa kilemba cha kumpisha, na mwenye nyumba apokee kodi yake anyamaze. Muuza viatu alikuwa na imani fupi zaidi. Alisema kila kitu kinaruhusiwa ilimradi mama asijue.

Mama huyo alikuwa mwenye nyumba wetu. Ni mjane wa Kifipa, mzee, anakaa Pito analima mahindi na ulezi, na safu ile ya fremu aliijenga na marehemu mumewe kwa mahindi ya miaka mingi. Alikuwa akija mjini kwa misa, na akitoka kanisani anapita kibarazani na kikapu chake akisalimia mlango kwa mlango. Mkataba wake ulikuwa na sharti moja alilolisema kwa mdomo pia, usije ukajifanya hukulisoma: mpangaji asimwingize mtu baki. Alikuwa na sababu. Zamani, mpangaji wake mmoja alimpisha rafiki, rafiki akampisha mwingine, mpaka siku moja mama alipita kusalimia akakuta mtu asiyemjua, na mtu yule akamwuliza, wewe bibi unatafuta nani hapa. Kwenye mlango wake mwenyewe. Jumatatu iliyofuata alikuja na kufuli kubwa akalitia juu ya kufuli la yule bwana, akarudi Pito kupalilia. Vitu vilikaa ndani mpaka serikali ya mtaa ilipoingilia. Tangu hapo tukimwona na kikapu, kila mtu alikuwa akijiuliza kama kufuli limo.

Lakini sharti lilisema mtu baki, na ndugu si mtu baki. Basi safu yetu ilikuwa na ndugu wengi kuliko ukoo wowote wa Ufipa. Huyu ana shemeji, yule ana binamu, muuza viatu alikuwa na kaka wawili ambao hawakuzungumza lugha moja. Mimi nilikuwa naona ni afadhali mtu aombe ruhusa wazi. Nilikuwa naona hivyo kwa sababu sikuwa na wa kumwingiza.

Siku mama wa vyombo aliponiletea yule fundi cherehani, maoni yangu yaliishia pale. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Mfipa, mtoto wa wakulima kutoka kijiji kimoja kule uwanda unakoanza kushuka kuelekea bonde la Rukwa. Alikuwa akishonea kibarazani kwa watu wengine, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimemharibia vitambaa vya wateja. Aliniamkia, akasimama mlangoni, akatazama televisheni zangu za chogo kwa heshima kana kwamba zilikuwa kazi. Aliuliza kama angeweza kulipia nusu.

Nilikubali kabla hajamaliza. Majirani walidhani ni kwa ajili ya kodi, na mimi niliwaacha wadhani. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke mpaka nilianza kuwajibu watangazaji. Nilitaka kuwe na mtu upande wa pili wa chumba ambaye nikizima redio habaki kimya.

Hakuwa msemaji. Alishona, akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, anakata wimbo katikati anapofika kwenye kola, anaumalizia kwenye pindo. Cherehani yake ilikuwa na mlio mmoja mbaya nikaipaka mafuta. Yeye akanishonea kifungo cha koti kilichokuwa kimening'inia tangu mke wangu alipofariki. Ikifika adhuhuri aliinua macho akaniuliza, "Mzee, umekula?" Hilo tu. Nilikuwa naweza kuwa nimeshakula, na nikasema bado, ili anisogezee kande kutoka kwenye bakuli lake. Mtu wa umri wangu, nadanganya kwa ajili ya kande.

Jumapili ya kwanza mama wa Pito alipopita, nilikuwa nimeshajiandaa. Wapangaji wa safu ile hatukufanya kazi Jumapili, lakini yule binti alikuwa na gauni la harusi la mtu na mimi nilikuja kumsindikiza kwa kukaa. Mama akasimama mlangoni na kikapu. Nikasimama, shikamoo mama, marahaba baba, halafu nikamwonyesha yule binti kwa mkono, nikasema kwa sauti niliyoifanyia mazoezi nyumbani kwamba huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ametoka kwetu Tukuyu amekuja kuniondolea upweke.

Mama alimtazama binti, akamsalimia kwa Kifipa.

Hapo ndipo lilipo kosa letu, na sijui kama watu wa kwingine wangelifanya. Tulikuwa tumekubaliana atajibu kwa Kiswahili tu, kama mgeni. Lakini binti yule alikuwa amelelewa, na salamu ya mkubwa ilimfikia kabla ya ujanja wetu. Alishuka kwenye kiti, akapiga goti kidogo kama walivyomfundisha kwao, akaipokea salamu yote kwa Kifipa, akaulizwa habari za kwao akajibu, akauliza na yeye. Alipokumbuka kwamba ametoka Tukuyu alikuwa ameshamaliza. Alirudi kwenye kiti akainamia gauni.

Nilisema amejifunza haraka. Mama akasema, ndiyo, amejifunza vizuri, mpaka magoti. Akaniaga, akaenda kwa mama wa vyombo.

Kuanzia siku ile kila alipopita aliniuliza, bila tabasamu, "Mpwa wako hajambo?" Nami nilijibu hajambo, shikamoo, na jasho linanitoka kwenye baridi ile. Niliogopa kufuli. Niliona kabisa jinsi litakavyokuwa: redio zangu ndani, mimi nje, binti na cherehani yake kwenye kibaraza cha watu wengine, na adhuhuri hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Tulikaa hivyo mwaka na zaidi. Halafu asubuhi moja simu yake ililia akiwa katikati ya mshono. Alisikiliza, akasema "ee" mara kadhaa, akazima mashine. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Hakulia pale. Alikunja kitambaa cha mteja vizuri, akachomeka sindano kwenye kimto cha pini, akaniuliza kama ningemwangalizia vitu vyake. Nilimtafutia bodaboda wa kumfikisha stendi ya magari ya vijijini, nikampa nilichokuwa nacho mfukoni, nikasema pole. Nilitaka kusema zaidi. Gari za kule zinaondoka asubuhi tu.

Majirani walikutana kibarazani. Desturi yetu, kama nilivyosema, mpangaji akifiwa safu nzima hufunga mpaka mchana, na mmoja anakwenda kutuwakilisha. Swali likawa, je, mpangaji wa mpangaji anafungiwa? Muuza mabati alisema hapana. Tukianza kufunga kwa kila aliyeingizwa, hatutafungua. Yeye hana mkataba, basi hana msiba kwenye safu hii. Mama wa vyombo alikasirika, akasema kodi yake imekaa ndani ya kodi ya fundi mwaka mzima na hakuna aliyeikataa, sasa msiba wake ndio unakosa nafasi. Akatoa na methali, undugu ni kufaana si kufanana. Muuza mabati akamjibu kuwa methali haifungi duka.

Muuza viatu ndiye aliyetupatanisha, kwa njia zake. Alinigeukia akasema, "Fundi, si ulimwambia mama kwamba huyu ni mtoto wa dada yako? Basi aliyekufa ni dada yako. Mfiwa ni wewe. Tunafunga kwa ajili yako."

Nilitaka kukataa. Lakini wote waliona kile nilichokiona mimi. Mama wa Pito angesikia tu, na kama angesikia kwamba dada wa fundi amekufa na safu haikufunga, uongo wa fremu yangu na wa wenzangu wote wenye mashemeji ungekuwa wazi. Milango ikashuka mmoja baada ya mwingine. Walinipa mkono wa pole, na rambirambi, na wakaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Nilipaswa kwenda kijijini. Naweza kusema hapakuwa na gari tena siku ile, na ni kweli, lakini siku ya pili magari yalikuwepo na sikwenda. Nilijiambia kuwa kule kuna kaka zake wa kweli na wajomba wa kweli, na mimi nikitokea wataniuliza ni nani. Nikakaa Milanzi mlango wazi, mfiwa wa dada asiyekuwepo, nikisubiri siku zipite.

Ijumaa mchana, siku moja baada ya maziko, mama wa Pito alikuja. Alikuja na wanawake watatu wa jumuiya yake, wamejifunga khanga kiunoni, na mmoja amebeba unga wa ulezi na mwingine maharage. Hawakupiga hodi mara mbili. Waliingia, wakautoa mkeka wangu nyuma ya kabati ulikokuwa umesimamishwa tangu mke wangu aondoke, wakaukung'uta nje, wakautandika sebuleni, wakakaa. Mmoja akawasha jiko langu bila kuuliza. Walisali rozari. Mimi ni Mmoravia, sijui rozari, lakini nilikaa nao chini, na walipoanza wimbo mmoja wa mazishi ambao hata sisi tunao, kifua changu kikashindwa.

Nililia kwa sauti. Nilimlilia mke wangu. Nilimlilia kwenye mkeka wake mwenyewe, na wanawake wale wasiomjua waliniambia pole baba, pole, mapenzi ya Mungu, na mmoja alinishika bega akauacha mkono wake pale mpaka wimbo ukaisha. Sijui kama nimewahi kupata faraja kubwa kuliko ile, na niliipata kwa uongo. Nilijua nikiwa nalia.

Walipomaliza kula, wale watatu walitoka kuosha vyombo. Mama alibaki kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Akasema taratibu, "Jana nilikuwa kwenye maziko ya dada yako. Mama yule nilikuwa namfahamu tangu tukiwa wasichana. Nilikutafuta kwa wafiwa, sikukuona."

Nilichomoa funguo za fremu mfukoni nikaziweka mbele yake.

Hakuzishika. Alizitazama kidogo, akasema, "Mimi nilikataza mtu baki. Wewe ukaniambia huyu si mtu baki. Nikasema sawa, tutaona siku yenyewe. Kwetu mtu akisema ndugu, msiba ukija haketi nyumbani." Akajifunga khanga yake upya. "Jumapili wanaanua matanga. Nikukute umekaa kwa wafiwa. Nisipokukuta, Jumatatu utoe redio zako."

Jumapili nilipanda gari la alfajiri. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mashamba yamebaki mabua, na upepo ulikuwa unayapiga pande zote za njia. Nilikuwa nimevaa koti lenye kifungo alichonishonea. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kuingia: ningepita moja kwa moja ndani ya uwanja, nikaenda penye kuni, nikashika shoka, maana mwanamume ndugu msibani haulizi, anafanya.

Nilifika. Watu walikuwa wengi. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo karibu na moto, vichwa vimenyolewa, na wengine wanapasua kuni. Nilielekea kwao. Kabla sijafika, kijana mmoja wa familia, kaka yake yule binti, alinipokea kwa mikono miwili, akanikaribisha, akanionyesha upande wa pili chini ya turubai walipokaa wageni. Nikasema nitakaa tu hapa nanyi. Akasema, hapana mzee, umetoka mbali. Akanitazama, akamgeukia dada yake aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani, akamwuliza huyu mzee ni nani.

Yule binti alisimama. Alikuwa amenyolewa, uso umemvimba, na aliponiona alishtuka, nadhani kwa furaha, sina hakika. Mama wa Pito alikuwa amekaa na wanawake hatua chache kutoka pale. Alikuwa anasikia kila neno.

Binti akasema, "Huyu ni mzee mwenye fremu, ninakoshonea."

Niliketishwa kwenye kiti cha plastiki. Nililetewa maji ya kunawa, kisha ugali na nyama, kabla ya watu wengi. Walinihudumia vizuri mno. Ndugu walikuwa wamekaa chini, wanachota maji, wanageuza ugali, wanagombana juu ya sufuria, na mimi nilikuwa na kiti. Msibani ndugu haletewi kiti. Nilikula nyama ile, nikatoa rambirambi zote nilizopewa na safu yetu nikaziweka kwenye kikapu chao, nikaaga mapema kwa sababu ya gari. Mama wa Pito alinijibu kwaheri bila kuinua kichwa. Sikumkasirikia binti yule. Alisema ukweli mbele ya kaka zake, na mimi sikuwahi kumwuliza kama anataka kuwa na mjomba.

Jumatatu asubuhi nilianza kuzishusha redio kwenye rafu. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Nilizipanga kwenye maboksi na vumbi lao, majirani wakipita na kutazama, mama wa vyombo akanipa boksi lake la sahani. Nilikuwa nimeshamaliza rafu mbili binti alipoingia. Alikuwa amekuja na gari la kwanza.

"Mzee, unahama?"

Nikamweleza. Sikutaka kumweleza, lakini vitu vyake pia vilitakiwa kutoka, na ilikuwa haki yake kujua kwa nini. Nilimweleza sharti la Jumapili, na kwamba nilikwenda nikae kwa wafiwa lakini nikakalishwa kwa wageni. Alisikiliza akiwa amesimama. Halafu akaketi kwenye mashine yake, akachomoa sindano kwenye kimto, akatunga uzi. Mimi nikarudi kwenye rafu.

Mama alikuja jua likiwa limeshapasha kibaraza. Kikapu alikuwa nacho, na safari hii khanga ya kukifunika haikutosha, kwa hiyo sote tuliliona kufuli. Muuza mabati alitoka nje akasimama. Muuza viatu aliingia ndani. Mama akafika mlangoni kwangu, akanijibu shikamoo, akatazama maboksi. Kisha akamwuliza binti, na hakumwuliza kwa Kifipa. Alimwuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika safu nzima.

"Mwanangu, huyu ni nani wako?"

Binti hakuinuka. Aliushika uzi kwa vidole viwili, akanitazama, akayatazama na maboksi.

"Mjomba," akasema.

"Jana ulisema mwenye fremu."

"Jana nilikuwa mbele ya kaka zangu, mama."

Mama alikitua kikapu chini. Halafu akalishindilia kufuli chini ya ulezi uliokuwemo kikapuni, akavuta khanga juu yake, akaomba maji ya kunywa. Binti ndiye aliyempa. Alipokunywa akaniambia nirudishe redio kwenye rafu, zinaziba njia, akaenda kwa mama wa vyombo kusalimia.

Tumebaki hivyo. Nusu yake ya fremu na nusu yangu, cherehani na lehemu. Tangu siku ile haniiti mzee tena. Asubuhi ni "shikamoo mjomba," na adhuhuri ni "mjomba, umekula?" Ananiita hivyo wateja wakiwepo na wasipokuwepo. Lakini kuta kati ya fremu na fremu hazikufika kwenye bati, mafundi waliishia njiani, na neno lolote likisemwa kwangu linasikika mpaka kwa muuza mabati. Jioni akishaondoka nafagia upande wake, nyuzi na vipande vya vitambaa, nafunga mlango, naelekea Milanzi, na njia nzima nalifikiria neno moja. Mpaka leo sijui kama analisema kwa ajili yangu au kwa ajili ya fremu. Sijamwuliza. Na yeye hajawahi kuniuliza mimi nilimwita mpwa kwa ajili ya nani.